Picha za Kifaransa si za kusinzia, tatizo ni anayetuchagulia

Katika vibanda umiza vya Singida Mjini kuna jambo linajirudia kila mara. Mwenye kibanda anachomeka flashi, picha inaanza, majina ya Kifaransa yanapita kwenye skrini, na kabla steringi hajatokea, mabenchi ya nyuma yanapaza sauti: weka nyingine! Ukiwauliza vijana hao wameona picha ngapi za Kifaransa, wengi watakwambia hawajamaliza hata moja. Wanachojua ni sifa iliyotangulia, kwamba picha ya Kifaransa ni mtu aliyekaa dirishani akivuta sigara, kimya, halafu inaisha bila kueleweka.

Niseme msimamo wangu mapema. Vijana hawa hawana kosa lolote kuichukia picha inayojikokota. Kosa ni la wanaochagua picha kwa niaba yao. Ufaransa, pamoja na nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa, zimetengeneza picha za mbio, za ngumi, za kuchekesha na za mikasa ya familia, na nyingi kati ya hizo zinayagusa maisha ya mtu wa Singida kuliko zile za Hollywood tunazomwagiwa kila wiki. Tunachokosa ni mchaguzi anayemjua mtazamaji wake, na sauti ya Kiswahili ya kuibeba hadithi.

Samaki mmoja akioza, wahenga walisema, wote wameoza. Kwa samaki labda. Kwa sinema ya taifa zima, hukumu hiyo inatunyima mengi.

Ngoja ngoja huumiza matumbo

Kwanza tumtazame mtazamaji mwenyewe. Ni kijana wa bodaboda aliyekaa juani tangu alfajiri. Ni mbeba magunia ya vitunguu. Ni mkulima wa alizeti kutoka Ikungi au Mkalama aliyekuja mjini kuuza mzigo wake, na jioni ametenga shilingi mia kadhaa apumzishe akili kabla ya kurudi nyumbani. Mtu huyo akilipa kiingilio, kisha akaonyeshwa dakika kumi za mwanamke anayetembea ufukweni bila kusema neno, je, ni haki kumwambia hajui sinema?

Wapo wasomi watakaosema ndiyo. Hao nawakumbusha historia. Kati ya mwaka 1935 na 1937, hapa hapa Tanganyika, kule Vugiri milimani Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika na kuzizungusha vijijini. Mwaka 1939 serikali yao ikaunda kitengo cha filamu za makoloni, na mmoja wa wakuu wake, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha inayokwenda haraka. Kwa hiyo, kwa maoni yake, apewe picha ya polepole, yenye tukio moja moja, ili asichanganyikiwe. Babu zetu walipewa picha za kujikokota kwa sababu walidharauliwa. Leo wajukuu wao wanadharauliwa kwa kuzikataa picha za kujikokota. Mtu wa Singida afanye lipi ndipo aheshimiwe?

Siidharau sinema ya utulivu. Iko picha inayokwenda taratibu ikakuachia jambo la kufikiri mwezi mzima, na mwenda pole hajikwai. Lakini mtu hupenda mwendo wa pole akishamwamini anayemwongoza, na imani hiyo hujengwa kwa picha ya kwanza, ya pili na ya tatu zinazomshika mtazamaji asinyanyuke. Anayeanza na ile ngumu kuliko zote anamfukuza mgeni mlangoni.

Mmekuwa mkizipenda bila kujua

Nawauliza vijana wa vibandani: nani kati yenu hajaona The Transporter, ile ya Jason Statham na gari lake jeusi? Picha ile ya mwaka 2002 ilipigwa kusini mwa Ufaransa na kutengenezwa na kampuni ya Mfaransa Luc Besson. Nani hajaona Taken ya mwaka 2008, baba anayemsaka bintiye aliyetekwa Paris? Aliyeiongoza ni Mfaransa, Pierre Morel, na Besson alishiriki kuiandika. Kiss of the Dragon ya mwaka 2001, ambayo Jet Li anawachakaza maadui katikati ya Paris, nayo ni kazi ya Besson huyo huyo. Mafundi wa Ufaransa wamekuwa wakituburudisha kwa miaka zaidi ya 20, ila wahusika walisema Kiingereza, nasi tukadhani ni vitu vya Marekani.

Sasa chukua picha ambayo Morel aliiongoza kabla ya Taken. Inaitwa Banlieue 13, ya mwaka 2004, na ni ya Kifaransa tupu. Steringi ni David Belle, mmoja wa waasisi wa parkour, ule mchezo wa kukimbia, kuruka na kukwea kuta bila kusimama. Mwanzoni tu mwa picha, kijana anayechezwa na Belle ameteketeza mzigo wa dawa za kulevya wa jambazi mkubwa wa mtaa wao, na wahuni wanapanda ngazi kumfuata. Anapenya kwenye kijidirisha kilicho juu ya mlango kama nyoka, anaruka toka ghorofa hadi ghorofa, anakimbia juu ya mapaa, na wale wenye bunduki wanabaki wanahema. Haina dakika ya kupoteza, na yote inaisha ndani ya saa moja na nusu. Weka picha hiyo kibandani uone kama kuna atakayeuliza wanaongea lugha gani.

Kwa watu wa bodaboda na daladala ipo Taxi ya mwaka 1998, iliyoongozwa na Gérard Pirès. Daniel alikuwa anasambaza piza kwa pikipiki mjini Marseille, akapata leseni ya teksi, akaligeuza gari lake la Peugeot kuwa la mashindano. Polisi anamkamata kwa mwendo kasi, lakini polisi mwenyewe amefeli mtihani wa udereva mara nyingi na anahitaji mtu wa kumsaidia kuwafukuza majambazi. Wanakubaliana. Kuna kijana wa kijiwe asiyeielewa hadithi hiyo? Kwa mafundi wa gereji ipo Balle perdue ya mwaka 2020, ya Guillaume Pierret. Steringi ni fundi magari aliyesingiziwa mauaji, na ushahidi pekee wa kumwokoa ni risasi iliyonasa ndani ya gari lililopotea. Fundi huyo anapigana kwa ufundi wake: anachomelea vyuma, anaimarisha bodi, anaingia barabarani.

Picha ya madereva wa Sekenke

Katika zote, ipo moja ambayo ningeitembeza mimi mwenyewe kutoka Manyoni mpaka Shelui kama ningekuwa na uwezo. Inaitwa Le Salaire de la peur, yaani ujira wa hofu, ya mwaka 1953, iliyoongozwa na Henri-Georges Clouzot. Ilishinda tuzo kuu Cannes na Berlin mwaka huo huo. Ni nyeusi na nyeupe, na najua wengine wameshakunja uso. Wavumilie kidogo.

Hadithi iko katika kijimji cha Amerika Kusini kilichojaa wanaume wasio na kazi wala nauli ya kuondoka. Kisima cha mafuta cha kampuni ya Kimarekani kinawaka moto umbali wa zaidi ya kilomita 400. Ili kuuzima inatakiwa nitroglycerine, kimiminika kinacholipuka kikitikisika. Bosi wa kampuni anaonyesha ubaya wake kwa kudondosha tone moja tu sakafuni, na tone linalipuka mbele ya macho ya wanaoomba kazi. Kampuni haina magari maalumu. Inatafuta madereva wanne, malori mawili, malipo ya dola 2,000 kwa kila mmoja. Anayekubali anajua huenda asirudi.

Kuanzia hapo ni barabara tu. Kuna kona ya mlimani isiyopitika kwa mkupuo mmoja: lazima lori lirudi nyuma juu ya jukwaa la mbao lililooza, chini yake korongo, huku dereva akisikia mbao zinavunjika chini ya tairi. Kuna jiwe kubwa limeziba njia, na mtu analazimika kumimina kile kimiminika kidogo kidogo kwenye tundu la jiwe kwa mkono usiotetemeka. Dereva aliyekuwa mbabe baa, akiwatisha wenzake, anaanza kutetemeka barabarani. Mwingine aliyekuwa kimya ndiye anayeonyesha moyo. Hayo yote yanasimuliwa kwa injini, jasho na macho. Hata ukiziba masikio utaelewa.

Mkoa wa Singida uko kwenye barabara kuu ya malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Waulize madereva na matingo wanaoupanda Mlima Sekenke usiku na mzigo nyuma, breki zikinukia. Waulize wake zao wanaongoja simu. Kuna picha gani ya Hollywood iliyowahi kuonyesha kazi yao kwa heshima namna hii, pamoja na swali lililo katikati yake: tajiri akikulipa vizuri uhatarishe maisha yako, je, amekulipa au amekununua? Swali hilo linaulizwa kila siku na familia zilizo kando ya barabara yetu.

Nisifiche: saa nzima ya mwanzo ya picha hii inakwenda taratibu, malori hayajawaka. Hapo ndipo mtafsiri hodari anapohitajika, atusimulie mji na watu wake kwa dakika chache, kisha atuachie barabara.

Za kukaa sebuleni na familia

Wazazi wengi wananilalamikia kwamba hawana picha ya kuangalia na watoto bila kutafuta rimoti kwa haraka. Kwa watoto ipo Kirikou et la Sorcière, katuni ya mwaka 1998 ya Michel Ocelot, yenye muziki wa Youssou N'Dour. Kitoto kidogo kinazaliwa kikiwa tayari kinaongea, kinakuta kisima cha kijiji kimekauka na wanakijiji wanasema ni uchawi wa Karaba. Wakubwa wanaogopa. Kitoto kinauliza swali ambalo wakubwa hawakuwahi kuliuliza: kwa nini Karaba ni mbaya? Kwa mkoa mkavu kama wetu, ambako akina mama wanajua uzito wa ndoo toka mbali, na ambako wazee wameteswa kwa tuhuma za uchawi, katuni hiyo ya saa moja na dakika kumi hivi inafundisha kuliko mikutano mingi ya hadhara. Mzazi ajue tu kwamba mavazi yake ni ya kijiji cha zamani, baadhi ya wanawake wako kifua wazi.

Kwa wakubwa ipo Qu'est-ce qu'on a fait au Bon Dieu ? ya mwaka 2014. Baba na mama Wakatoliki wana mabinti wanne. Watatu wameolewa na Mwarabu, Myahudi na Mchina, na wazazi wamekosa raha. Wa nne anasema mchumba wake ni Mkatoliki, wazazi wanamshukuru Mungu, kumbe kijana ni mweusi kutoka Ivory Coast. Tena baba wa kijana, mzee mkali aliyekuwa mwanajeshi, naye hataki kabisa mkwe mzungu. Wazee wawili wabishi wanakutana. Picha hiyo iliuza tiketi zaidi ya milioni 12 Ufaransa. Ni familia ngapi Singida, Wanyaturu kwa Wanyiramba, Waislamu kwa Wakristo, zimewahi kukaa kikao kizito kama kile? Kucheka pamoja kibandani kungelegeza ndimi nyingi nyumbani.

Mfugaji na mkulima nao wana ya kwao. La Vache ya mwaka 2016, ya Mohamed Hamidi, inamhusu Fatah, mkulima wa Algeria anayempenda ng'ombe wake Jacqueline kupita kiasi. Anaalikwa kwenye maonyesho ya kilimo ya Paris, hana pesa ya usafiri, anavuka bahari kwa meli hadi Marseille na kutoka hapo anatembea na ng'ombe wake kwa miguu mpaka Paris. Hakuna bunduki wala matusi ya kutisha. Ni mtu na mnyama wake, na watu wema njiani. Mnyaturu aliyekulia zizini hahitaji kuelezwa kwa nini mtu amwite ng'ombe kwa jina.

Na ipo Intouchables ya mwaka 2011, ya watu wazima kwa sababu ya lugha yake, kuhusu tajiri aliyepooza mwili na kijana wa mtaa maskini anayeajiriwa kumtunza. Omar Sy, mtoto wa wahamiaji kutoka Afrika Magharibi, alishinda tuzo ya César ya mwigizaji bora kwa kazi hiyo, Mweusi wa kwanza kuipata. Aliyewahi kumuuguza mzazi nyumbani ataona mambo mle ambayo hajawahi kuyasema.

Kifaransa si cha Paris peke yake

Tukisema picha ya Kifaransa tusiishie Ulaya. Ousmane Sembène wa Senegal alisema sinema ni shule ya jioni ya watu wake. Mwaka 1968 alitoa Mandabi, aliyoitengeneza kwa Kiwolof na pia kwa Kifaransa. Mzee Ibrahima Dieng, mwenye wake wawili na asiye na kazi, anatumiwa hawala ya faranga 25,000 na mpwa wake aliyeko Paris. Sehemu kubwa si yake, ni ya kumtunzia kijana. Lakini kabla hajaigusa hata senti, mtaa mzima unajua, wakopaji wamepanga foleni, na posta wanamdai kitambulisho ambacho hana. Kitambulisho kinahitaji cheti cha kuzaliwa, cheti kinahitaji mwaka aliozaliwa, naye hajui. Nani kati yetu hajamsindikiza mzee wake kuhangaikia namba ya NIDA ndipo asajili laini? Picha ina zaidi ya miaka 50 na inatuhusu leo asubuhi.

Wapenzi wa muziki wa Kongo nawaelekeza La Vie est belle ya mwaka 1987, ya Mweze Ngangura na Benoît Lamy. Papa Wemba mwenyewe ndiye steringi, kijana wa kijijini anayekwenda Kinshasa kutafuta jina katika muziki na kukutana na mapenzi yanayomtia matatani. Ni vichekesho, ni ngoma, ni mitaa ya mji ambao tumeusikia redioni maisha yetu yote bila kuuona.

Hili si la burudani tu. Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022. Mwaka 2021 wakuu wa nchi zetu waliridhia Kifaransa kiwe miongoni mwa lugha rasmi za jumuiya, pamoja na Kiswahili. Malori yanayopita Singida yanaishia kwa watu hao. Kijana wetu akijua salamu, hesabu na matani machache ya Kifaransa, amepata ufunguo wa kazi Bujumbura na Goma. Lugha huingia vizuri ikipitia kicheko. Mwalimu wa Kifaransa mwenye Taxi mkononi ana darasa lililochangamka kuliko mwenye kitabu peke yake.

Nani atuchagulie, na kwa sauti ipi?

Njia tunayo, tena tumeizoea. Afrika Mashariki ina watafsiri wa picha ambao ni mabingwa. Derek Gaspar Mukandala, aliyevuma kwa jina la Lufufu, na DJ Afro wa Kenya wamefanya watu waliokuwa hawajui neno la Kiingereza wafuate picha toka mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili, watu wakaipenda. Azam wakaleta tamthilia za Kituruki zenye sauti za Kiswahili, na leo majina ya masultani yanatajwa jikoni na saluni. Kabla ya hapo nani aliamini Mturuki angeingia sebuleni kwetu? Kilichomwingiza ni Kiswahili. Mfaransa amebaki nje kwa sababu hakuna aliyempa sauti.

Kwa anayechagua, nina maswali matatu. Je, katika dakika kumi za kwanza kuna jambo limetokea linalomfanya mtu aulize nini kitafuata? Je, kuna mtu ndani ya picha mwenye shida tunayoifahamu, ya pesa, kazi, ndoa au ugonjwa? Je, ukizima sauti, macho peke yake yanafuata hadithi? Picha ikijibu ndiyo mara mbili, iwekwe. Ikishindwa zote, ihifadhiwe kwa siku ambayo wateja wameshazoea, hata kama ilipewa tuzo na dunia nzima.

Kwa watu wa utamaduni wa Ufaransa, ubalozi wao na Alliance Française za Dar es Salaam na Arusha, nawaomba kwa heshima: msiishie kwenye miji mikubwa kwa watu ambao tayari wanaipenda sinema yenu. Nunueni haki za kuonyesha picha tano tu zinazotembea, walipeni watafsiri wetu, zipitisheni Bodi ya Filamu zipangiwe umri, kisha zileteni Singida, Kiomboi na Itigi. Hapo mwenye kibanda atafanya kazi yake kihalali, na msanii wa huko atapata haki yake.

Kwa wenye vibanda, nanyi mna mamlaka makubwa kuliko mnavyofikiri. Mnalolichomeka usiku ndilo vijana wanaloliongea asubuhi. Na kwako mtazamaji, endelea kukataa picha inayokuchosha, hiyo ni haki yako uliyoilipia. Ila jioni ya wikiendi hii, ukiona majina ya Kifaransa yanapita kwenye skrini, ipe dakika kumi kabla hujasema weka nyingine.